Kimo cha barabara mpya ndicho kikomo cha bwawa

Kaskazini mwa jimbo la California, Marekani, kuna daraja linaloitwa Pit River Bridge. Lilifunguliwa mwaka 1942, bwawa la Shasta likiwa bado linajengwa, ili kupokea barabara kuu na reli zilizokuwa zikipita chini bondeni. Magari hupita juu, treni hupita sakafu ya chini. Miongo mingi baadaye wahandisi walirudi na swali jipya: ukuta wa Shasta unaweza kuongezwa kimo kwa kiasi gani? Nyongeza za hadi mita 60 na ushee zilichunguzwa. Pendekezo lililosalia mezani ni la futi 18.5, yaani mita 5.6, ambalo lingeongeza nafasi ya maji kwa takribani mita za ujazo milioni 780. Ukipita hapo, daraja lile linapaswa kujengwa upya, na gharama yake inakula faida ya maji yenyewe. Hata kwa hizo mita 5.6, beringi za baadhi ya nguzo zake, yaani vikalio ambavyo daraja limeegemea juu ya nguzo, zinahitaji kukingwa zisifikiwe na maji.

Kwa hiyo kilichoweka mpaka wa nyongeza hiyo si mwamba, si mto, wala si uimara wa zege. Ni mchoro wa daraja uliokamilika kabla bwawa lenyewe halijaisha. Waliouchora walikuwa wanahamisha barabara tu. Hawakuwa na sababu ya kujiona kwamba wanapangia kizazi cha tatu kiasi cha maji kitakachoweza kuhifadhi.

Barabara inayohamishwa kupisha bwawa hutendewa kama kiambatisho cha mradi. Katika bajeti huwekwa mstari mmoja chini ya "kazi za awali", pamoja na kambi ya wafanyakazi na uzio. Huko ni kukosea tangu mwanzo. Kimo cha barabara hiyo ni uamuzi wa maji, na unapaswa kufanywa na watu wa maji na watu wa barabara wakiwa meza moja, mara moja, kabla ya mita ya kwanza ya kifusi kumwagwa.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana makosa mengi huanzia hapo. Chukua bwawa ambalo kina chake cha kawaida cha juu, yaani usawa wa maji likijaa bila mafuriko, ni mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mafuriko makubwa ya usanifu, yaani makubwa kabisa ambayo bwawa limesanifiwa kuyahimili, yanapopita kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, usawa unapanda, tuseme mita 3. Juu ya hapo kuna upepo. Ziwa lenye uwazi wa kilomita 10 mbele ya tuta la barabara, likipigwa na upepo wa mita 25 kwa sekunde, huinua mawimbi ya zaidi ya mita 1, na wimbi likigonga mteremko wa mawe hupanda juu zaidi ya kimo chake. Weka mita 1.8. Tuta nalo litajishindilia lenyewe kwa uzito wake kwa miaka kadhaa: asilimia 1 ya kimo cha mita 20 ni sentimita 20. Mwisho, tabaka za chini ya lami zinatakiwa zibaki kavu, kwa sababu changarawe iliyolowa hupoteza nguvu na lori la tani 50 litaifinya kama kawaida ya malori. Weka mita 1. Jumla ni mita 6. Uso wa lami unakaa mita 506.

Msanifu mwenye haraka huishia kwenye mita 503, akisema mafuriko ya namna hiyo hayaji kila mwaka. Ni kweli hayaji kila mwaka. Lakini yakija, siku hiyo ndiyo barabara inahitajika kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo inayopeleka mafundi, mafuta ya jenereta na mitambo kwenye mageti ya bwawa.

Sasa ongeza swali la Shasta: je, ukuta utaongezwa baadaye? Tuta la barabara lenye upana wa mita 12 juu, kimo cha mita 20 na miteremko ya mita 2.5 kwa 1 (mita 2.5 kwenda upande kwa kila mita 1 ya kupanda), linameza mita za ujazo milioni 1.24 kwa kila kilomita. Ukilijenga la mita 23, linameza milioni 1.6. Kimo kimeongezeka kwa asilimia 15, kifusi kimeongezeka kwa karibu asilimia 29. Hapo ndipo mhasibu anapokata. Hatazami upande wa pili wa hesabu: ukitaka kuongeza hizo mita 3 baada ya bwawa kujaa, huwezi kuweka udongo juu tu, kwa sababu tuta litakuwa jembamba kileleni na halitabeba barabara. Lazima upanue tako lake kwa mita 7.5 kila upande, na tako hilo liko chini ya maji mita 14. Utapaswa kushusha ziwa, au kumwaga mawe majini kwa mashua. Magari nayo yanataka kuendelea kupita. Mita 3 hizo zikijengwa mwanzoni ni kifusi cha ziada na siku za rola. Baadaye zinageuka mradi kamili.

Jambo hili linaonekana sasa hivi kwenye bwawa la San Luis, hukohuko California. Kuna mpango wa kuinua ukuta wake wa B. F. Sisk kwa futi 10 ili kuhifadhi takribani mita za ujazo milioni 160 zaidi. Barabara kuu ya jimbo namba 152, ambayo ilihamishiwa pembezoni mwa ziwa bwawa lilipojengwa miaka ya 1960, inakatiza ghuba ya Cottonwood Bay juu ya tuta. Ukipandisha maji, lazima upandishe na tuta hilo. Barabara iliyoshahamishwa mara moja kwa ajili ya bwawa inaguswa tena kwa ajili ya bwawa lilelile.

Tuta linalokatiza mkono wa ziwa lina hatari nyingine ambayo wajenzi wa barabara waliozoea nchi kavu huichelewa. Barabara ya kawaida hukutana na maji yanayopita na kuondoka. Hapa maji yanakaa miezi minane, yanaingia ndani ya tuta mpaka kati, kisha bwawa linashushwa kwa wiki chache kwa ajili ya umeme au umwagiliaji. Nje maji yameshuka mita 8. Ndani ya udongo wa mfinyanzi bado yako palepale, hayana pa kutokea haraka. Uzito wa tuta umebaki, msukumo wa ziwa uliokuwa unaliegemeza kutoka nje umeondoka, na maji ya ndani yanasukuma kuelekea nje. Mteremko unakatika na kuteleza ziwani, mara nyingi ukiondoka na njia moja ya barabara. Dalili ya kwanza ni ufa mrefu unaofuata ukingo wa lami, umejipinda kidogo kama upinde, upande wa ziwa. Mtu wa matengenezo akiuziba kwa lami bila kuuliza umetoka wapi, ameficha onyo.

Dawa yake inajulikana. Sehemu yote ya tuta itakayokuwa chini ya kina cha juu ijengwe kwa mawe yaliyopasuliwa, yasiyoshika maji, wala si kwa udongo uliochimbwa karibu kwa sababu ni rahisi. Kati ya mawe hayo na udongo wa juu kuwe na tabaka la kuchuja, changarawe na mchanga uliopimwa kwa chekecheo, ili udongo usinyonywe kupitia mianya ya mawe. Mteremko wa upande wa maji ulazwe hadi 3 kwa 1 pale msingi unapokuwa laini. Uso ukingwe na mawe makubwa yaliyopangwa, na upangaji uteremke mpaka chini ya kina cha chini kabisa cha ziwa, kwa sababu mawimbi yatapiga kila usawa ambao maji yatasimama. Makalvati nayo yahesabiwe upya. Katika nchi kavu kalvati linapimwa kwa mafuriko ya kijito. Hapa linapimwa kwa kasi ya kupanda na kushuka kwa ziwa. Likiwa dogo, maji ya ndani ya ghuba yanachelewa kushuka, na tuta la barabara linageuka kuwa bwawa la pili ambalo hakuna aliyelisanifu kuwa bwawa.

Pale barabara inapopanda kwenye mabega ya milima ili kuliepuka ziwa, tatizo linahamia kwenye milima. Kila mita 100 za kupanda kwa mteremko wa asilimia 6, ambao lori lililojaa bado linaweza kuuvumilia, zinahitaji kilomita 1.7 za barabara. Ndiyo maana barabara ya mbadala karibu kila mara huwa ndefu kuliko ile ya zamani, isipokuwa mtu alipie mahandaki kama Uturuki ilivyofanya kwa bwawa la Yusufeli, lenye ukuta wa mita 275, ambako sehemu kubwa ya barabara mpya imezikwa mlimani. Kukata mlima juu ya ziwa jipya kunataka uchunguzi wa maporomoko ya kale: miteremko iliyowahi kuteleza maelfu ya miaka iliyopita na kutulia. Maji yanapoloweka kisigino cha mteremko kama huo, unaamka. Italia mwaka 1963, kwenye bwawa la Vajont, mlima wa zaidi ya mita za ujazo milioni 250 uliteleza ziwani, na wimbi lililoruka juu ya ukuta likaua karibu watu 2,000. Huo ulikuwa mteremko wa ziwa bila kuhusika kwa barabara, lakini barabara ya mbadala inapitishwa kwenye miteremko ya aina hiyohiyo, na ukataji wake unaondoa udongo uliokuwa unaishikilia kwa chini. Mashimo ya kupima miamba yachimbwe kabla ya kuamua njia. Yakichimbwa baada ya mkandarasi kufika, kila habari mbaya inageuka kuwa dai la fedha za nyongeza.

Kisha ratiba. Bwawa halijazwi siku yoyote; linajazwa msimu. Bonde la Ruaha Mkuu lina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Colorado wanategemea theluji inayoyeyuka kuanzia Mei. Barabara ikichelewa miezi miwili na ikaukosa mwanzo wa msimu, bwawa limechelewa mwaka mzima, na riba ya mkopo haisubiri mvua. Presha hiyo ndiyo inayozaa lami ya haraka. Tuta jipya la mita 20 linahitaji kuachwa lipitiwe na msimu mmoja wa mvua, likipimwa kila wiki kwa alama za chuma, mpaka kushuka kwake kuwe kwa milimita chache kwa mwezi. Lami ikiwekwa kabla ya hapo, mwaka unaofuata barabara ina mabonde pale tuta linapokutana na daraja: daraja limesimama juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba, tuta limeshuka, na kila gari linaruka. Kwa mpangilio wa busara, madaraja na matuta marefu huanza kwanza, miaka miwili au mitatu kabla ya geti la kwanza kufungwa. Vipande vya nchi kavu vinaweza kusubiri. Nguzo za umeme, mkongo wa mawasiliano na mabomba yaliyokuwa kwenye hifadhi ya barabara ya zamani vihame wakati huohuo. Vinasahaulika mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila kimoja kina mwenyewe na kila mwenyewe anasubiri barua.

Suala la nani analipa lina jibu rahisi na jibu gumu. Rahisi: mwenye bwawa ndiye anayelipa, kwa sababu barabara ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi. Gumu ni kiwango gani. Desturi ni "ya aina ileile": ulichukua njia mbili, rudisha njia mbili. Ninaipinga desturi hiyo, na mfano wangu ni Vasco Road, tena California. Shirika la maji la Contra Costa lilipojenga bwawa la Los Vaqueros lilihamisha barabara hiyo kwa urefu wa kilomita 20 hivi. Mpya ilifunguliwa mwaka 1996, njia mbili, bwawa likakamilika mwaka 1998. Barabara ya zamani ilikuwa na kona za kuwalazimisha madereva kupunguza mwendo. Mpya ilikuwa pana na yenye kona za upole, bila kizuizi katikati. Miji ya jirani ya Brentwood na Antioch ilikua, wafanyakazi wakaimiminikia asubuhi na jioni, na ikawa na sifa mbaya ya ajali za uso kwa uso. Kizuizi cha zege kilikuja baadaye, kwenye baadhi ya vipande, baada ya vifo vingi.

Kurudisha idadi ileile ya njia si kurudisha usalama uleule. Ukinyoosha kona umeongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka ni lazima uongeze kizuizi, mabega ya lami ya mita 2 au zaidi, na njia ya kupandia malori kwenye miinuko. Hayo si anasa anayoomba mwenye barabara. Yanatokana na usanifu wa mwenye bwawa, na yaingie kwenye bili ya bwawa.

Mfano wa leo wenye somo kubwa uko Colorado. Shirika la Northern Water linakusudia kujenga bwawa la Glade kaskazini-magharibi mwa Fort Collins, la takribani mita za ujazo milioni 210. Bonde lenyewe linapitiwa na barabara kuu ya US 287, inayotumiwa sana na malori kati ya Fort Collins na Laramie, Wyoming, na kilomita 11 hivi lazima zihame. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilitoa idhini Desemba 2022. Mwaka 2025 kesi ya watetezi wa mto Poudre, ambao ndio wa kulijaza bwawa hilo, ilimalizwa kwa makubaliano ya mfuko wa dola milioni 100 za kuutunza mto huo, na katika kipindi hichohicho makadirio ya gharama ya mradi mzima yakafika dola bilioni 2.7, baadhi ya washirika wakianza kujitoa.

Mradi unapofika hapo, kishawishi ni kuupunguza: bwawa dogo kwanza, mengine baadaye. Huenda ni uamuzi mzuri kwa walipa bili za maji. Lakini barabara isipunguzwe pamoja nalo. Ukuta unaweza kuanza mfupi na kurefushwa ukiwa umesanifiwa hivyo. Barabara ya kilomita 11 yenye malori usiku na mchana haiinuliwi kwa awamu. Ipitishwe kwenye kimo cha bwawa kubwa kabisa ambalo bonde linaweza kubeba, hata kama bwawa hilo halitajengwa. Ikija kuonekana kwamba kimo hicho hakikuhitajika, hasara ni kifusi na kilomita chache za mzunguko.

Kwetu Afrika Mashariki njia iliyozoeleka ya kukwepa gharama hii ni kupitisha barabara juu ya ukuta wenyewe. Barabara ya Iringa hadi Dodoma inavuka Ruaha juu ya ukuta wa Mtera. Uganda, magari yote ya barabara kuu ya Kampala na Jinja, yakiwemo malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, yalivuka Nile juu ya ukuta wa Nalubaale tangu mwaka 1954 mpaka daraja jipya la mita 525 lilipofunguliwa Oktoba 2018. Ni miaka 64 ya uchumi wa nchi kadhaa kupita juu ya mitambo ya umeme. Njia hiyo ni nafuu siku ya kwanza, kwa sababu ukuta upo na unahitaji njia ya matengenezo hata hivyo. Baada ya hapo kila kazi ya ukarabati wa mageti inafunga barabara kuu, na kila lori la mafuta linalopinduka linamwaga shehena yake mahali maji yanapoingilia kwenye mashine. Wala ukuta hauwezi kuinuliwa bila kukata mawasiliano ya mikoa miwili. Mtera hufanya kazi kati ya mita 690 na 698.5 kutoka usawa wa bahari. Yeyote atakayewahi kufikiria kuuinua ukuta huo atakutana kwanza na lami. Kwa barabara ya kijiji, ukuta unatosha. Kwa barabara kuu ya taifa, daraja lake lijengwe upande wa chini wa mto, mbali na utoro wa maji, na ukuta uachiwe wenye ukuta.

Barabara ya zamani nayo haiachwi tu izame. Matangi ya vituo vya mafuta yachimbuliwe yaondolewe pamoja na udongo uliolowa mafuta. Madaraja ya chuma yavunjwe, la sivyo ziwa likishuka yanakuwa mtego wa nyavu na mashua. Ncha mbili za lami zinazoingia majini zizuiwe kwa tuta la mawe, kwa maana kibao peke yake hakimzuii dereva mgeni usiku. Kipande kimoja chenye mteremko mzuri kiachwe kwa makusudi kiwe gati la wavuvi. Ni njia ya kushushia mashua iliyojengwa tayari, na wanakijiji waulizwe ni kipi.

Tanzania barabara kuu ziko chini ya TANROADS, maji ya mabonde yako chini ya Wizara ya Maji, umeme uko TANESCO. Kila taasisi ina wahandisi wazuri. Kinachokosekana kwa urahisi ni karatasi moja yenye namba tano: kina cha kawaida cha juu, kina cha mafuriko, kina cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa siku za usoni, kimo cha lami, na tarehe ambayo magari yatakuwa juu ya barabara mpya. Karatasi hiyo isainiwe na wote watatu kabla ya tathmini ya fidia kuanza, kwa sababu mwananchi anayehamishwa kupisha barabara akajenga upya mita 4 juu yake, kisha akahamishwa tena bwawa linapoinuliwa, amelipishwa na uamuzi ambao ungeweza kufanywa siku moja ofisini.